Zabibu za Chini ya Moncayo

Mwaka 2012 nilikwenda Zaragoza, kaskazini mashariki mwa Hispania, kusomea kilimo cha umwagiliaji. Nchi ilikuwa imebanwa na hali ngumu ya uchumi, na karibu robo ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Hata hivyo mvinyo haukukosekana mezani. Chupa nzuri ilipatikana kwa euro tatu au nne katika duka la mtaani, na watu waliunywa na chakula, taratibu, huku mazungumzo yakienda mpaka usiku.

Mimi nimekulia Dodoma, kwenye mizabibu. Lakini mvinyo nilioufahamu nyumbani ulikuwa mwekundu au mweupe, mtamu au mkavu, basi. Zaragoza ndiko nilikojifunza kwamba kila mvinyo una kwao.

Tulikuwa wapangaji kadhaa katika nyumba moja ya zamani mtaa wa La Magdalena, kila mmoja na mkoa wake. Jumamosi jioni tulikuwa na desturi yetu: kila mtu alete chupa isiyozidi euro tano, ikiwa imeviringishwa gazeti ili jina lisionekane. Tulinusa, tukaonja, kila mmoja akasema alichokipata, ndipo gazeti lilipofunguliwa.

Mwenzetu wa Murcia alileta monastrell ya Jumilla, mvinyo mzito wenye ukakasi unaokamata ulimi. Kule mvua ni kama milimita 300 tu kwa mwaka, na mizabibu huachwa mifupi, bila nguzo wala waya, ijisitiri na jua kwa majani yake yenyewe. Wa Valencia alileta bobal ya Utiel-Requena, zabibu ambayo kwa miaka mingi mvinyo wake uliuzwa kwa jumla kwenda kutia rangi mivinyo ya wengine. Wa Galicia alikuja na albariño, nasi tukamvumilia bei ikazidi kidogo. Kwao mvua ni nyingi, hivyo mizabibu hupandishwa juu ya vichanja vya nguzo za mawe ili upepo upite chini na ukungu usiishambulie. Mvinyo wake ulikuwa mweupe, wenye uchachu safi unaofaa samaki.

Siku ya manzanilla ya Sanlúcar de Barrameda siisahau. Mvinyo huo hukaa ndani ya pipa chini ya utando wa chachu unaoukinga na hewa, na hutoka mkavu kabisa, una harufu ya lozi na ya bahari. Tuliunywa baridi na zeituni za chumvi, nusu chupa ikatutosha wote. Na Rioja ilipofika zamu yake, crianza iliyolazwa mwaka mzima katika mapipa ya mwaloni wa Marekani, nilinusa vanila na nazi. Wenzangu walishangaa nilivyoitambua nazi upesi. Hiyo ilikuwa harufu ya jikoni kwetu.

Aliyenifundisha zaidi ni mama mwenye nyumba, ambaye familia yake ilikuwa na shamba Campo de Borja, magharibi ya mji. “Mwanangu,” aliniambia, “bei isikutishe wala isikudanganye. Geuza chupa.” Nyuma yake palikuwa na kibandiko kidogo chenye namba na muhuri wa baraza linalosimamia mvinyo wa eneo hilo, kuthibitisha kwamba zabibu zilitoka mahali palipotajwa na kwamba mvinyo ulikaguliwa.

Wakati wa mavuno alinichukua shambani. Mlima Moncayo ulisimama mbele yetu, na upepo wa cierzo ulivuma kavu, ukikausha jasho kabla halijatiririka. Mizabibu ya garnacha ilikuwa ya kizamani, mashina yake meusi, yaliyopinda, manene kama paja, yameota kwenye kokoto. Shina moja lilitoa vichala vichache tu, zabibu ndogo zenye utamu mkali. Tulikata kwa visu vifupi na kupanga kwenye makreti. Jioni trela lilipimwa kwenye mizani ya ushirika, sukari ikapimwa pia, na mkulima akaandikiwa malipo ya senti kwa kilo.

Mama alinieleza kwamba baada ya Hispania kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, wakulima wengi walilipwa ruzuku wang’oe mizabibu ya namna hiyo, kwa kuwa haikuzaa sana na mvinyo wake haukuwa na soko. Familia yake haikung’oa. Baadaye wanunuzi wa nje wakaanza kuitafuta garnacha ya mashina mazee. Hapo nikaelewa kwa nini chupa ya euro nne iliweza kuwa nzuri vile. Rioja ilikuwa na sifa tangu zamani, Borja haikuwa nayo, na mnywaji hulipia sifa kabla ya kulipia zabibu.

Nimerudi Dodoma sasa, na nafanya kazi na wakulima wanaomwagilia kwa matone. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Borja hawaliwezi. Tuna zabibu yetu ya Makutupora. Kinachopungua ni kuitambulisha. Natoa rai kwa wasindikaji wetu: andikeni kwenye chupa aina ya zabibu, mwaka wa mavuno na mahali ilikotoka, iwe Hombolo, Mpunguzi au Chinangali. Nawe mnunuzi, geuza chupa, uliza zabibu hii imelimwa wapi na nani. Mkulima atapata bei ya haki siku mnywaji atakapolijua shamba lake.