Geuza chungu usome jina

Nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu Greensboro, katika jimbo la North Carolina, Marekani, sikutegemea kurudi Kyela na jagi la mtumba.

Kule nako mitumba ipo, tena si nguo peke yake. Kuna maduka makubwa ya vitu vilivyotumika: sahani, viti, taa, hata magauni ya harusi. Jumamosi moja tuliingia duka la namna hiyo kutafuta masufuria. Kwenye rafu ya chini, katikati ya vikombe vya plastiki, nikaona jagi dogo la udongo, rangi ya chungwa. Ndani yake mlikuwa na mistari ya vidole iliyozunguka toka chini hadi juu. Mama yangu ni mfinyanzi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Alama za vidole kwenye udongo nazijua.

"Dada, rudisha hilo, limechakaa," mdogo wangu akasema.

Nikaligeuza. Chini palikuwa na muhuri wa duara wenye picha ya mtungi na maneno Jugtown Ware. Bei yake dola 4. Nikalipa.

Jioni tulilitafuta jina lile kwenye simu, na Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa gari hadi Seagrove, upande wa kusini. Ni mji mdogo, lakini ukifuata barabara namba 705 unapita karakana za wafinyanzi moja baada ya nyingine. Watu wa eneo hilo wamerithishana kazi hiyo tangu karne ya 18. Zamani walifinyanga mitungi ya pombe kali na vyombo vya kuhifadhia chakula. Mwaka 1908 wapiga kura wa jimbo waliamua pombe ipigwe marufuku, na vyombo vya kioo na bati navyo vikazidi kuenea. Wafinyanzi wakakosa wateja.

Ndipo Jacques Busbee na mkewe Juliana, kutoka mji wa Raleigh, walipoanza kuwatafutia soko New York, kisha wakajenga karakana yao, Jugtown. Ben Owen, fundi wao aliyepata sifa kubwa, alianza kazi hapo mwaka 1923. Karakana ipo hadi leo, na vyombo vyake vya zamani vinatafutwa sana na wakusanyaji.

Mama mmoja mfinyanzi alilipokea jagi langu kwa mikono miwili. Akanionya nisilitumie kwa juisi, maana vyombo vya zamani vya rangi hiyo mara nyingi vilipakwa dawa yenye madini ya risasi. Kisha akauliza kama ninaliuza. Mdogo wangu akanikanyaga mguu ili nikubali. Nikakataa.

Njiani alinuna. Nikamwambia: "Vyungu vya mama vilivukishwa kwa mtumbwi hadi Matema, vikauzwa, vikaenda Mbeya na kwingine. Nani anajua kuwa ni vya mama?" Akanyamaza.

Mama hafinyangi tena, vidole vinamuuma. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kweli, nyumbani kimebaki chungu kimoja chenye ukingo uliovunjika. Kuku walikuwa wakinywea maji. Niliporudi nilikiosha, nikakigeuza. Chini hapakuwa na kitu.

"Hiki ulikifinyanga lini, mama?"

"Mwaka ule ulioanza darasa la kwanza."

Nikachukua rangi, nikaandika jina lake na mwaka 1984. Akacheka, akasema chungu si daftari. Baadaye kidogo akaniita: "Hebu nisomee ulichoandika."

Sasa chungu na jagi vimekaa pamoja sebuleni. Nawe msomaji, kama kwenu kuna chungu, mkeka au kinu kilichotengenezwa na mtu unayemjua, muulize leo ni mwaka gani, uandike na jina lake. Usingoje awe hayupo.