Mchumba Kaondoka na Paswedi: Kisa cha Dada wa Haneti

Kuna dada mmoja wa Haneti, kule wilaya ya Chamwino, jina lake liwekwe kapuni. Ana miaka 24. Kamaliza kidato cha nne, hela ya kuendelea haikupatikana, akaona asikae kulalamika. Akashika kazi ya hereni na mikufu.

Wanaoijua Haneti wanajua milima ya pale inatoa jiwe la kijani linaitwa krisopresi, rangi yake kama tufaa bichi. Ukijani wenyewe unatokana na nikeli iliyomo humo. Mawe makubwa na safi yanaondoka na madalali. Huyu dada ananunua vile vipande vidogo ambavyo hakuna anayevigombania, anavisugua, anavifunga waya, anavitundika kwenye kadibodi. Ukiziona hereni zake huwezi kuamini kwamba zilianzia kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya jiko la mama yake.

Wateja wa mwanzo aliwapata Instagram. Halafu akaja jamaa.

Jamaa alikuwa mtu wa kompyuta pale Dodoma mjini. Mpole, ana laptop, anajua kuongea. Alianza kama mteja, akanunua mkufu wa mama yake, wiki ya tatu akawa mchumba. Zawadi yake ya kwanza haikuwa simu wala gauni. Alimwambia, "Mama, wewe ni wa kuwa na tovuti yako. Hizi hereni zinauzika mpaka Ulaya." Ndani ya siku mbili tovuti ikawa hewani, ina jina la dada kwa herufi kubwa, inamalizikia na .co.tz kabisa. Picha zinateleza zenyewe. Dada alilia.

Akachapisha kadi 300 zenye ile anwani, akawagawia watu stendi, kanisani, kwenye harusi. Kwa miezi kadhaa maisha yakawa fresh. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamsumbua: kila akitaka kubadilisha bei lazima amwombe jamaa. "Nitumie, nitaweka jioni." Jioni inakuwa kesho, kesho inakuwa Jumapili. Dada akajisemea si mbaya, mapenzi ni kusaidiana.

Uchumba ukavunjika. Sababu ni zile zile mnazozijua, hazina haja ya kurudiwa hapa. Kilio cha kuachana kilimalizika kama wiki mbili. Kilio cha pili ndicho kilichokuwa kirefu. Siku moja mteja wa Singida akampigia na kumwambia, "Dada, mbona kwenye tovuti yako namba imebadilika?" Akafungua. Jina lake lipo, picha zake zipo, mikono yake mwenyewe inaonekana imeshika mkufu. Namba ya kuagiza ni ya jamaa.

Akamwandikia kwa heshima aombe paswedi. Jamaa akamkaushia. Akamwandikia tena. Akablokiwa.

Hapo ndipo alipoenda kwa binamu yake anayesoma chuo, na binamu akamfungulia macho. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa imeili ya jamaa. Mahali pa kuihifadhi palilipiwa na jamaa, kwa jina la jamaa. Namba ya kurudishia akaunti ikipotea, ya jamaa. Kwenye makaratasi, yule dada hakuwa na tovuti hata siku moja. Alikuwa mgeni aliyeandikiwa jina lake mlangoni.

Mama yake aliposimuliwa alisema neno moja tu: "Mtegemea cha nduguye hufa maskini, mwanangu. Na huyo hakuwa hata ndugu."

Ilikuwa Juni. Nanenane iko Agosti, viwanja vya Nzuguni, na dada alikuwa ameshalipia nusu ya kiti kwenye banda la akina mama wajasiriamali. Kadi zaidi ya 100 zimebaki, zote zina anwani inayompeleka mteja kwa ex. Akaamua ajenge upya, safari hii kwa mkono wake, kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Wengi tungekosea hapa. Tungetafuta programu yenye muonekano mkali kuliko zote, tumkomeshe ex. Yeye akachukua daftari akaandika maswali manne. Je, naweza kubadilisha bei mwenyewe, kwa simu, nikiwa nimebakiwa na bando la MB 200? Nikikosa hela ya kulipia mwaka mmoja, kitabaki nini? Nikitaka kuhama, naondoka na vitu vyangu? Funguo anazo nani?

Akachagua programu tatu, akazipa mtihani mmoja. Jioni ya kwanza: weka picha ya hereni, bei shilingi 15,000 na namba ya simu. Kisha funga, lala. Kesho yake usimwombe mtu msaada, badilisha bei iwe 12,000. Mtihani halisi ulikuwa hiyo kesho. Siku ya kwanza kila programu ni rahisi, maana inakushika mkono. Ukirudi peke yako ndipo unapoijua tabia yake.

Alianza na WordPress, maana ndiyo aliyoitumia jamaa. Programu hii ipo tangu 2003, na tovuti nyingi zaidi duniani zinaendeshwa nayo kuliko nyingine yoyote. Kwa uwezo haina mpinzani. Yenyewe ni ya bure, ila ukitaka kuitumia kwa uhuru wote unakodi mahali pa kuihifadhi na unalipia jina kila mwaka. Ina viongezo vingi, kimoja cha fomu, kingine cha picha, kingine cha ulinzi, na vyote vinataka kusasishwa. Ukiviacha, wezi wa mtandaoni wanapata mlango. Pia kuna WordPress.com, ambayo inakuhifadhia yenyewe, bure kwa kuanzia, lakini anwani yako inabeba jina lao. Dada aliiheshimu. Kwenye mtihani wa kesho alibadilisha bei, ila ilimchukua karibu saa nzima kutafuta ilipo. Akaandika kwenye daftari: "Nzuri, bado haijawa yangu."

Wa pili Wix. Hapa unavuta picha kwa kidole, unaiweka unapotaka, unachagua rangi, unaona matokeo hapo hapo. Alifurahi mpaka akamwita mama yake aone. Kisha akasoma masharti taratibu. Ya bure inabandika tangazo lao kwenye ukurasa wako na anwani inakuwa ndefu, huwezi kumtajia mteja kwa simu akaikumbuka. Kuondoa hayo ni kulipa. Kingine kilichomshtua ni kwamba tovuti uliyoijenga mle huwezi kuifunga kama mzigo ukaihamishia kwingine. Ukihama unaanza upya. Kwa mwenye biashara iliyokaa vizuri hilo linaweza lisiwe tatizo. Kwa mtu aliyetoka kufungiwa nje wiki tatu zilizopita, lilikuwa tatizo kubwa.

Wa tatu ilikuwa Blogger. Binamu alicheka. "Hiyo si ya kizamani?" Kweli ni ya kizamani. Ilianza 1999, Google wakainunua 2003. Mitindo yake haijachangamka kama ya wenzake. Lakini kabla hujaicheka kumbuka kwamba Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 kwenye Blogger hiyo hiyo, baada ya kuelekezwa na Ndesanjo Macha, na ikawa mahali ambapo Watanzania wa nyumbani na ughaibuni walikuwa wanaanzia asubuhi yao. Watu hawakwenda pale kwa sababu ya rangi. Walifuata picha mpya kila siku.

Mtihani wa kesho: akaingia kwa Gmail yake, akagusa chapisho, akabadilisha 15,000 ikawa 12,000, akahifadhi. Chai haijapoa. Halipii mahali pa kuhifadhi, kwa hiyo hata akiishiwa mwaka mzima ukurasa unabaki. Maudhui yake anaweza kuyapakua yote kama faili moja akayaweka pembeni. Na siku akipata hela ya kununua jina lake, anaweza kuliunganisha pale pale.

Akafungua Gmail mpya. Namba ya kuirudisha akaweka laini yake mwenyewe, iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole. Akawasha uthibitisho wa hatua mbili. Paswedi akaiandika kwenye daftari, daftari likaingia kwenye sanduku la mama chini ya vitenge vya msiba, mahali ambapo hakuna mchumba atakayewahi kufika.

Tovuti yenyewe ina kurasa tatu tu. Ya kwanza inasema yeye ni nani na jiwe linatoka wapi. Ya pili ni bidhaa na bei. Ya tatu ni jinsi ya kuagiza, ina linki ya WhatsApp: unaandika wa.me, mkwaju, halafu namba yako ukianza na 255 bila ile sifuri ya mwanzo. Mteja akigusa, chati inafunguka. Mara ya kwanza aliacha sifuri, haikufanya kazi siku nzima, akadhani karogwa.

Kosa lake jingine lilikuwa picha. Alipandisha picha kumi kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja karibu MB 4. Hiyo ni MB 40 kwa mteja anayetaka kuona hereni tu. Alipoifungua pale Haneti jioni, mtandao ukazunguka mpaka akakata tamaa. Akazipunguza zote, ukurasa ukaanza kufunguka. Mtu wa mjini mwenye waifai asingeliona tatizo hilo kabisa.

Nanenane ikafika. Zile kadi hakuzitupa. Usiku uliotangulia alikaa na mama yake wakakata vikaratasi vyeupe vyenye anwani mpya, wakabandika kimoja kimoja juu ya ile ya zamani. Kwenye banda, mama mmoja wa makamo alikwangua kile kikaratasi kwa ukucha, akauliza, "Mwanangu, hapa chini kulikuwa na nini?" Dada akamjibu, "Nyumba ya kupanga, mama. Nimeshahama." Yule mama akacheka, akanunua jozi mbili.

Hakuuza zote. Alirudi na nusu ya mzigo na deni la nauli. Lakini ndani ya mwezi ule ziliingia oda kadhaa kupitia tovuti, na kila mteja alikuwa anaongea na yeye mwenyewe.

Desemba ex akaibuka kwa namba ngeni. "Mambo. Ile tovuti yako bado ninayo. Tukiongea vizuri naweza kukurudishia." Dada alikuwa amekaa nje, bando linakaribia kuisha. Akausoma ujumbe mara mbili. Akafikiria zile picha za mikono yake zilizobaki kule, ikamuuma kidogo, asidanganye mtu. Kisha akaufunga, akaenda kubadilisha bei ya mikufu, maana waya umepanda.

Sasa tiririka hapo chini: akaunti yako ya biashara, paswedi anayo nani? Na ile namba ya kuirudisha ikipotea, ni ya nani?