Shamba la Kahawa na Shule ya Uuguzi

Wazazi wenzetu, binti yetu alipotaka kuingia shule ya uuguzi mjini Butembo, tulikaa jioni tukahesabu: ada ya miaka minne, sare, vitabu, na nauli za kwenda kufanya mazoezi hospitalini. Akiba haikutosha. Tukawaza kuuza shamba la kahawa.

Kilichotushawishi ni kumbukumbu ya Ebola. Ugonjwa huo ulitangazwa Agosti 1, 2018, huko Mangina karibu na Beni, ukamalizika Juni 25, 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Wauguzi walioajiriwa kupigana nao walilipwa vizuri kuliko desturi, na sisi tuliona kwa macho yetu. Lakini ugonjwa ulipokwisha, malipo yale yalikwisha pia. Leo muuguzi katika vituo vingi vya afya hungoja posho ya serikali inayochelewa, huku akigawana na wenzake kile kidogo wanacholipa wagonjwa. Na mgonjwa maskini hana cha kulipa.

Binti alitusikiliza, kisha akasema, “Baba, Mama, msiuze shamba. Posho ikichelewa, nitakula nini?”

Tuliona haya, kwani mtoto alikuwa amehesabu vema kuliko sisi. Basi tumeamua kuuza mavuno, wala si udongo. Naye ataanza masomo mwaka ujao. Kazi ya kuuguza ni njema, lakini pimeni faida yake kwa miaka ya kawaida. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.