Sweta la Mama

 

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeuliza kama nimehama, wengine kama nimeolewa (hiyo nimeiona, shangazi, na jibu ni lile lile). Ukweli ni kwamba tangu mwezi wa kumi, kila dakika ambayo siko kazini wala usingizini, mikono yangu ina sindano za kufumia. Mwenzenu nafuma sweta la vifungo, na si sweta la mchezo.

Nieleze kidogo. Hapa Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, kuna meli inayoondoka jioni na kufika asubuhi visiwa vya Shetland. Kati ya visiwa hivyo na vile vya Orkney kipo kisiwa kidogo sana kiitwacho Fair Isle, watu wake hawajazi hata mabasi mawili, lakini sweta zao zinajulikana dunia nzima. Zilipata jina hasa miaka ya 1920, mtoto wa mfalme wa Uingereza alipoanza kuzivaa akicheza gofu. Ukiliona sweta lenyewe utadhani kila mstari una rangi saba. Kumbe hapana, kila mstari una rangi mbili tu. Moja inafuma, nyingine inapita nyuma ikisubiri zamu yake. Hapo ndipo penye kazi. Ukiuvuta sana ule uzi wa nyuma sweta linajikunja kama jani la mgomba lililokauka, ukiulegeza sana vidole vya mvaaji vinanasa ndani kila akivaa. Na rangi zinabadilika kila baada ya mistari michache. Langu lina rangi tisa.

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima mzaliwa wa Shetland. Huku hata mtu wa miaka themanini unamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi mdomo umegoma mpaka leo, namwita bibi kwa Kiswahili na yeye amekubali, sasa hata kwenye kadi za Krismasi anajiandika "Bibi". Anafuma akiwa amevaa mkanda wa ngozi wenye matundu, ndani umejazwa manyoya ya farasi. Sindano moja anaichomeka humo, mkono mmoja unabaki huru, na kasi yake jamani, ni kama cherehani. Mimi mzunguko mmoja wa vitanzi 312 unanichukua dakika 20 nikiwa na nguvu. Nikitoka zamu ya usiku, nusu saa.

Najua mnachotaka kusema. Kwa nini usinunue? Wifi yangu mmoja alinikumbusha kwamba pale sokoni Njombe, siku ya kufungua belo la mtumba, sweta kama hilo linaweza kupatikana kwa bei ya kilo chache za viazi. Ni kweli. Ila hili ni la Mama.

Wengi wenu mmevaa sweta za Mama. Zile za shule, za bluu zenye shingo ya V, nusu ya darasa letu walivaa kazi ya mikono yake. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, sweta baada ya sweta, akifuma jikoni mpaka moto uzimike. Mimi alinifundisha kwa spoku za baiskeli alizozisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Halafu yeye mwenyewe, tangu nimjue, anavaa sweta la mtumba. Mwezi wa sita na wa saba ule ukungu wa kwetu unapoingia mpaka ndani ya mifupa, fundi wa sweta za watu anatembea na koti la marehemu Baba. Hilo limenikaa rohoni miaka mingi.

Basi, maisha ya huku yamejipanga kuzunguka hili sweta. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi na saa tisa na nusu mchana limeshazama. Ukiwa na zamu za usiku unaweza kumaliza wiki hujaliona. Zamu ni ya saa kumi na mbili na zaidi. Wodini haturuhusiwi kuvaa kitu chochote chini ya kiwiko tukiwa na wagonjwa, si saa, si sweta, kwa sababu ya vijidudu. Kwa hiyo nesi wa nchi ya baridi anashinda mikono wazi kama yuko Tanga! Sweta nafumia kwenye chumba cha mapumziko, saa nane au tisa usiku, wenzangu wakipasha chakula. Nikimaliza mzunguko mmoja nimepumzika kweli kweli, maana ukihesabu moja, mbili, tatu za kijani, moja ya njano, huwezi kuwaza kitu kingine. Habari za wagonjwa sitaziandika hapa, mnajua. Itoshe kusema kuna usiku ambao nahitaji sana kuhesabu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Vipimo vya Mama nilivichukua mwenyewe nilipokuja likizo ya Krismasi ya mwaka juzi. Kifua sentimita 104. Nikaongeza saba za kupumulia, nikapata vitanzi 312, yaani maua 13, kila ua vitanzi 24. Kiwiliwili kinafumwa mviringo kama bomba, mpaka mabegani, bila uwazi mbele. Mikono ndiyo inafumwa mwisho, kutoka begani kushuka. Katikati ya Desemba nilikuwa nimefika mabegani, nikamwandikia wifi, mke wa kaka, amchukulie Mama futi ya fundi, apime urefu wa mkono, na kwa kuwa futi iko mkononi apime na kifua, nihakikishe tu.

Jibu likaja: mkono 54, kifua 91.

Nikadhani amepima vibaya. Nikaomba arudie. 91. Nikaomba picha ya futi ikiwa kifuani. Ikakawia, halafu ikaja. Nilikuwa kwenye kile chumba cha mapumziko. Nikashika sweta nikahesabu. Sentimita 13 ni vitanzi 36, yaani ua moja na nusu. Nikaweka kidole pale pua moja na nusu ya ua linapoishia, nikaangalia kiasi cha mama yangu ambacho hakipo tena.

Nikapiga simu alfajiri, kwenu ikiwa tayari asubuhi. Sikuuliza kama anaumwa, maana jibu ningelijua: hajambo, mzima kabisa, ni uzee tu. Niliuliza kama ninavyomuuliza mgonjwa anayeletwa. Anakunywa maji kiasi gani? Usiku anaamka mara ngapi? Kimya. Kisha wifi, Mungu ambariki, akasema: "Dada, tumemuwekea ndoo chumbani. Haamki chini ya mara tano."

Siku ile ile akapelekwa kupimwa. Sukari 24. Kwa msiojua, asubuhi kabla ya kula, ikifika 7 tu tayari huo ni ugonjwa wa kisukari. Akalazwa siku tano.

Tangu mwezi wa nane mlikuwa mnaona. Nguo zinamvuka, amevaa kanga mbili kufunga sketi, macho yanafifia. Na tangu mwezi wa nane kila nikiomba tuonane kwa video, mtandao ulikuwa unasumbua. Sauti inapita, picha haipiti. Mimi nikiulaumu mtandao wa watu bure!

Sina hasira. Nilikuwa nayo wiki mbili, imepita. Kaka aliniambia Mama mwenyewe ndiye aliyekataza: "Msimsumbue mtoto, yuko mbali, atashindwa kufanya kazi." Namfahamu, ndivyo alivyo. Na najua mlinyamaza kwa upendo, kama tulivyozoea kumficha msafiri msiba mpaka afike. Lakini ndugu zangu, mimi nimesomea shahada nzima ya kutazama mtu na kujua kinachomsumbua. Nafanya hivyo kila usiku kwa mama za watu wengine. Mama mwenye kiu, anayeamka mara tano, anayekonda huku anakula, yule angekuwa kwenye wodi yangu ningemtambua kabla hajamaliza kikombe cha maji. Kunificha mimi ni sawa na kuwa na taa ndani ya nyumba na kuifunika ndoo ili isichoke. Pesa ninazotuma mnazipokea, basi pokeeni na hicho kingine nilichokifuata shuleni.

Mama sasa yuko nyumbani, anatumia metformini na mlo wake umebadilishwa. Ugali haujakatazwa, umepunguzwa (kwa hiyo asiwadanganye kwamba nesi wa Ulaya amemnyima chakula). Chai bila sukari anainywa huku akininung'unikia.

Likabaki swali la sweta. Bibi wa chini alilitandaza mezani, akalitazama, akasema naweza kulifumua lote na kuanza upya kwa maua 11. Miezi miwili ya kazi. Nililala nalo usiku mmoja. Asubuhi nikashuka nikamwambia silifumui. Linabaki maua 13. Sukari ikitulia, mwili utarudi, hilo nimeliona kwa macho yangu kwa wagonjwa wengi. Na usiporudi wote, mwanamke wa Njombe mwezi wa saba anavaa vitu vingapi ndani ya sweta? Nafasi itatumika.

Bibi akachemsha chai, akaleta mkasi. Sikuwaambia hili: lile bomba huwa linakatwa. Mbele katikati unafuma vitanzi vichache vya ziada, mimi naviita daraja, kisha ukimaliza unachukua mkasi na kukata daraja kutoka chini hadi juu. Sufu ya Shetland ina vinyweleo vinavyoshikana, kwa hiyo haifumuki. Hayo unaambiwa. Ukiwa na mkasi na kazi ya siku sitini na tano mbele yako, ni imani tu. Nilikata. Ilichukua kama dakika tano. Halikufumuka hata kitanzi kimoja, likafunguka mbele likawa sweta la kuvaliwa.

Sasa niko kwenye mkono wa kushoto, nimeshuka mpaka karibu na kiwiko. Nataka lifike Njombe kabla ya mwezi wa sita, kuna mtu anasafiri Mei.

Kaka, ile mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake nimeshalipia, kaichukue. Kila Jumamosi asubuhi, kabla Mama hajanywa chai, nitumie picha ya namba, si namba ya kuandika kwa mkono. Wifi, futi usiirudishe kwa fundi. Mkimaliza mwezi mpime kifua tena, na mpigaji picha awe Mama akiwa anatazama kamera. Jumamosi iliyopita ilikuwa 8.9.

Zamu inaanza saa moja na nusu, ngoja nikatafute basi. Msalimieni Mama, na mwambieni vifungo achague mwenyewe: vya mbao au vya pembe.