Mdogo wangu anataka kujifunza kulalisha wagonjwa

Ndugu wasomaji wa Goma na Nyiragongo, nanyi mliorudi Sake, Masisi na Rutshuru baada ya kambi kufungwa mwezi wa Februari 2025, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Ni habari ya nyumbani kwetu, hapa Ndosho.

Mdogo wangu ni muuguzi wa A1. Jioni moja alikuja kwangu, akakaa, akasema: "Yaya, kazi yako ni kuuliza watu maswali. Basi niulize mimi." Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kuingia masomo ya anestezia, yaani kazi ya kumlalisha mgonjwa apasuliwe bila maumivu, kisha kumwamsha akiwa hai.

Watu wengi wanamshukuru daktari aliyepasua. Yule anayekaa upande wa kichwa, hata jina lake hawalijui. Katika nchi yetu mara nyingi si daktari, ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Mimi nilijua thamani yake siku binamu yangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa huko Masisi. Daktari alikuwapo, vyombo vilikuwapo, chumba cha upasuaji kilikuwa wazi. Aliyekosekana ni wa kulalisha tu. Alikuwa ameshuka Goma kufuatilia mshahara wake. Walimpakia binamu kwenye moto. Yeye alipona, mtoto hapana.

Kwa hiyo nilikubali. Jioni sita mfululizo, baada ya habari, tulikaa chini ya taa ya soleri na daftari zake. Nilianza na swali ambalo kila juri huliuliza: kwa nini anestezia? Akajibu: "Ninapenda kusaidia watu." Nikamwambia hata muuza makala anasaidia watu. Alikasirika, lakini jibu hilo hakulirudia.

Katika daftari zile nami nilijifunza. Ketamini, kwa mfano, ilitengenezwa mwaka wa 1962. Inalalisha na kuondoa maumivu, na kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Ndiyo maana inategemewa mahali penye vita na pasipo umeme wa uhakika. Sindano ya mgongo, wanayopewa mama wengi wanaopasuliwa wakati wa kuzaa, inaweza kushusha presha ghafla, kwa hiyo anayeichoma haondoki hapo kwenda kupokea simu. Na kabla ya kulalishwa, kama si jambo la haraka, mtu mzima hukaa saa sita bila chakula na saa mbili bila maji.

Tulipofika hapo kwenye chakula, mdogo wangu alinyamaza. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu nyumbani.

Ilikuwa mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Mnakumbuka: umeme na maji vilikatika, majeruhi walijaa hospitalini hadi nje. Yeye alikuwa anamwandaa mtoto mwenye kipande cha bomu mguuni. Alimuuliza mama kama mtoto amekula, mama akasema hapana, akaandika hapana. Mama hakudanganya. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyempa mtoto mkate mama alipotoka kutafuta maji. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Anestezisti, mzee mmoja mpole, aliona chembe za mkate mdomoni, akasimamisha kila kitu. Damu ilikuwa imekwisha kutoka, mguu ungeweza kungoja. Kama angemlalisha vile, chakula kingeweza kupanda na kuingia mapafuni.

"Hilo ndilo jibu lako," nilimwambia. Akakataa. "Watasema mimi ni muzembe." Tulibishana jioni mbili nzima. Mimi nilisema juri limekwisha kusikia kila sifa, lakini mtu anayejua kosa lake lilipopita halisikii kila siku. Yeye alisema ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye kosa lake la kazi ni kutaja vibaya jina la kijiji. Hapo alikuwa na haki.

Shule zenyewe nazo zilitaka kuulizwa. Alikuwa na mbili za kuchagua, sitazitaja. Nilikwenda langoni bila kinasa sauti, nikaongea na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Shule ya kwanza ina rangi mpya na minervali nafuu, lakini msichana mmoja aliniambia kwamba katika staji yeye husimama nyuma ya wenzake kumi, anaona migongo. Ya pili ina darasa lililobanana na ni ghali zaidi, ila kila mwanafunzi anatembea na karne yake: mgonjwa huyu, dawa hii, sahihi ya aliyemsimamia. Swali la diploma itatambuliwa wapi, na nani ataisaini, hapa Goma siku hizi lina uzito, nanyi mnajua kwa nini. Tuliliuliza pande zote mbili, na majibu hayakuniridhisha kwa yote mawili.

Kuhusu pesa, banki zilifungwa wakati wa vita vile, kwa hiyo minervali inapita kwenye simu na kila hatua inakatwa kidogo. Mama ameuza mbuzi wawili. Sikuombwa maoni.

Siku ya mahojiano nilimngoja nje, karibu na wanaouza mandazi. Alikaa ndani muda mrefu kuliko wenzake. Alipotoka sikuuliza kitu. Njiani ndipo alipofungua mdomo.

"Niliwaambia habari ya mkate."

"Wakasemaje?"

"Mmoja aliniuliza siku hizi ninafanyaje. Nikasema ninamuuliza mama, ninamuuliza mtoto, kisha ninamuuliza jirani wa kitanda."

Nilitaka kujua kama na yeye aliwauliza lile swali tuliloandika: kabla ya diploma, nitalalisha wagonjwa wangapi mimi mwenyewe, na nani atakuwa amesimama pembeni yangu? Aliuliza. Mwanamke mmoja wa juri alivuta karne ya mwanafunzi kutoka kwenye meza, akamwachia ahesabu mwenyewe. Alifika ukurasa wa nne, wakaita mwingine.

Majina yatabandikwa wiki ijayo.