Kwa Mtoto, Giheta ni Ughaibuni

Anayejiandaa kwenda Burundi ni mtalii. Sisi tuliozaliwa huko tunakata tiketi, tunajaza mabegi zawadi, tunapanda ndege. Mtalii ndiye anayesoma habari za chanjo, anayenunua chandarua, anayeuliza kama maji ya bomba yananyweka. Mrundi wa Brussels akisikika anamuuliza daktari habari za malaria kabla ya kwenda Gitega, wenzake humtania: tangu lini umekuwa Mzungu?

Mwaka huu nyumbani kwetu tunaye mtalii halisi. Ana miezi 17, kazaliwa Brussels, pasipoti yake ni ya Ubelgiji, na hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Likizo yake ya kwanza ya nje itaanzia Giheta, karibu na mji wa Gitega, kwa wazazi wa baba yake, kisha Muyinga kwa wazazi wangu. Mimi na mume wangu tunakwenda kwetu. Yeye anakwenda ng'ambo. Safari ni moja, lakini kila simu ninayopokea kutoka kule, na kila ushauri ninaopewa huku, unarudi kwenye ubishi uleule: tufungashe kwa kumtazama nani, sisi au yeye?

Karatasi zilitoa jibu mapema. Sheria ya uraia ya Burundi ya Julai 2000 inaruhusu uraia pacha, na inampa mtoto uraia kupitia kwa baba. Kwa sheria hiyo binti yetu ni Mrundi tangu alipozaliwa, ila hana hati ya kuonyesha, kwa hiyo safari hii anaingia kwa viza kama mgeni yeyote. Rafiki yangu mmoja, Mrundi aliyeolewa na Mbelgiji, hana hata hiyo nusu. Mtoto wake ni mgeni katika nchi iliyomzaa mama yake, kwa kuwa sheria ile haimpi mama uwezo iliompa baba. Niliwahi kulizungumza jambo hili kwenye sherehe ya Warundi hapa Brussels; wanaume wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaendelea na mishikaki.

Jina nalo lina kesi yake. Kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa sita na kila mmoja ana jina lake, halifanani na la baba wala la babu. Ubelgiji wanataka jina la ukoo. Tangu 2014 wazazi wanaweza kuchagua la baba, la mama au yote mawili, lakini lazima liwe mojawapo ya hayo. Basi tukaandikisha la baba. Mama mkwe alipoletewa cheti cha kuzaliwa kwenye simu, akakisoma, akauliza kwa upole: "Hili ni la mwanangu. La mtoto ni lipi?" Kwa hiyo tunasubiriwa Giheta na baba mkwe mwenye jina tayari mdomoni, ambalo halitaingia katika daftari lolote la Brussels. Mimi binafsi naona ni sawa. Kuna majina ya kuitiwa uwanja wa ndege na majina ya kuitiwa chakula.

Ila uwanja wa ndege hauna mzaha. Mume wangu atatufuata baadaye kwa sababu ya kazi, nami nitasafiri na mtoto ambaye jina lake si langu. Nimebeba barua ya baba yake ya kuniruhusu kusafiri naye, yenye sahihi iliyothibitishwa kwenye komini, yaani ofisi ya manispaa, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mama wa Kirundi asiye na barua hiyo anaweza kujikuta anaeleza mila za majina ya Kirundi kwa afisa wa mpaka saa kumi na moja alfajiri, mtoto analia.

Kuhusu tiketi nitasema moja tu. Mtoto asiyetimiza miaka 2 hupakatwa, na mashirika mengi hutoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Siku akitimiza miaka 2 anahitaji kiti chake. Ndiyo maana ndege za Julai zinazoelekea Afrika zimejaa watoto wa miezi 20 na ushei. Si kwamba huo ndio umri mzuri wa kusafiri. Zamani kulikuwa na ujanja wa kushuka Kigali na kupanda basi hadi Kayanza. Huo umekufa tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda. Sasa ni Bujumbura moja kwa moja, kwenye uwanja unaoitwa kwa jina la Melchior Ndadaye tangu 2019.

Sasa malaria, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Uingereza wamehesabu kwa miaka mingi, na picha ni ileile: wengi wa wanaorudi na malaria kutoka Afrika si watalii wa mbuga za wanyama, ni watu waliokwenda kuwaona jamaa zao. Ni sisi. Mtalii anameza vidonge kwa woga. Sisi tunaamini damu inakumbuka. Haikumbuki kwa muda mrefu hivyo. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa na mbu tena na tena tangu utotoni, na mtu akiishi Ulaya miaka kadhaa inapungua sana. Mtoto aliyezaliwa Brussels hana hata hiyo ya kupungua. Bibi yake huenda ana kinga kidogo, baba yake huenda alikuwa nayo, yeye hana kitu. Haya si mambo ya kurithishana kama shamba.

Nilipomweleza mama mkwe haya, alinijibu kama wazee wote wa milimani wanavyojibu: malaria ni ya Imbo, kule bondeni kando ya Tanganyika; huku kwetu ni baridi. Ana hoja. Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mwezi Julai usiku unahitaji blanketi. Lakini nilimkumbusha mwaka 2000 kuelekea 2001, ugonjwa ulipopanda milimani. Kayanza, Karuzi, Ngozi: ndani ya miezi michache wagonjwa walizidi milioni 2 katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 7. Mabonde yenye maji yalikuwa yamegeuzwa mashamba, mbu wakapata makazi, na vijidudu vilikuwa vimeshaizoea dawa ya klorokwini. Wakubwa kwa wadogo walilala chini kwa sababu wakati ule milimani watu hawakuwa na kinga ya kutosha. Akanyamaza kidogo. "Kweli," akasema, "mwaka ule tulizika sana." Tangu siku hiyo hajanitajia Imbo.

Basi tukaenda kliniki ya wasafiri. Mtoto kwanza anapimwa uzito, maana dozi ya kidonge cha kinga inafuata kilo, wala haifuati umri. Tulipewa vidonge vidogo vya watoto vya atovakwoni na proguanili: unaanza siku moja au mbili kabla ya kuondoka, kila siku kimoja mkiwa huko, na unaendelea siku 7 baada ya kurudi. Kinasagwa, kinachanganywa na kitu chenye mafuta kidogo, maziwa au mtindi, kwa sababu bila mafuta mwili haukichukui vizuri. Binti yetu ni mjuzi wa kutenganisha mtindi na kidonge mdomoni. Ndizi iliyopondwa inamshinda zaidi, na ndizi Giheta hazitakosekana.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Ukishachanjwa, tangu 2016 cheti ni cha maisha. Kilichonishangaza ni ratiba. Watoto wa Ubelgiji hupata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela wakiwa na mwaka mmoja, na madaktari hawapendi chanjo hiyo na ya homa ya manjano zikaribiane. Wanataka wiki 4 kati yake. Mwenye safari ya Julai anayekumbuka chanjo mwezi Juni anaweza kukwama. Ahesabu kutoka tarehe ya ndege kurudi nyuma.

Njia ya kutoka Bujumbura hadi Giheta ni kama kilomita 100 na ndiyo sehemu ninayoiogopa kuliko saa zote za angani. Kutoka ziwani barabara inapanda kwa kona zisizokwisha hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, halafu inashukia Muramvya. Watoto hutapika. Joto la Bujumbura linawadanganya wazazi waweke masweta chini ya mabegi, na wakifika Bugarama, kwenye ukungu na mafungu ya karoti na kabichi, mtoto anatetemeka. Halafu kuna vijana wa baiskeli walioning'inia nyuma ya malori. Nilimwomba binamu wa mume wangu, atakayetupokea kwa gari, aache nafasi ya kiti cha mtoto. Alicheka. "Shemeji, mtoto anapakatwa." Kiti ninakuja nacho, nimeshakilipia kama mzigo. Yeye ana shida kubwa kuliko yangu: kutafuta mafuta ya gari, ambayo miaka hii ya karibuni yanapangiwa foleni ya siku nzima au zaidi, na atayatafuta kwa ajili yetu. Hapo ndipo ninapoona haya kumsumbua kwa habari za mikanda. Lakini nimemsumbua.

Kigari cha kusukuma kinabaki Brussels. Warundi hatuishi kijijini nyumba kwa nyumba. Tumetawanyika kwenye milima, kila familia na rugo, yaani boma, lake, na njia ya kufika kwa wakwe zangu inapanda kwenye udongo mwekundu katikati ya migomba na mibuni. Tutatumia kitambaa mgongoni, na sitakuwa mbebaji peke yangu. Hapa Brussels watu wanaomshika mtoto wetu nawajua kwa majina yote. Kule atapita mgongo hadi mgongo, na jioni nitamkuta kwa jirani nisiyemjua, amelala. Natamani hilo kwa moyo wote. Na nimebeba sabuni ya mikono ya kutosha, kwa sababu kila atakayempokea atamtia kitu mdomoni, na kukataa mbele ya watu ni utovu wa adabu. Chakula cha moto, ndiyo. Maziwa yaliyochemshwa, ndiyo. Maji ya mtungini, nitasema tumbo lake bado la Kibelgiji, nao watacheka na kuniachia.

Tutampeleka Gishora pia, iko palepale Giheta. Ni mlima wa ngoma za kifalme. Simulizi linasema mwami (mfalme) Mwezi Gisabo ndiye aliyeuanzisha baada ya kumshinda chifu muasi, na mwaka 2014 UNESCO iliziweka ngoma hizi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nimetafuta vizibo vya masikio vya watoto, maana ngoma zile ukiwa karibu unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Ila kuna jambo siwezi kulipita. Amri ya rais ya Oktoba 2017 inawakataza wanawake kuzipiga. Binti yangu ameziona ngoma hizi kwanza Brussels, kwenye tamasha ambako mabinti wa Kirundi walizipiga wakiruka pamoja na kaka zao. Giheta, zilikotoka, atatazama tu. Akiwa na miezi 17 hatauliza. Likizo ijayo atauliza, na nitakuwa na kazi.

Kilichobaki na mvutano ni mahali pa kulala. Nilinunua chandarua cha kitanda cha mtoto, cha kukunjika, chenye dawa. Mama mkwe akasema mjukuu atalala naye, hakuna mjadala. Nikauliza kama ana chandarua. Anacho, cha bure, kile kinachogawiwa kaya zote. Kiko wapi? Kwenye kitanda cha wageni, kisichakae. Mume wangu alitaka tumwambie hapana. Mimi nilirudi dukani nikanunua chandarua cha watu wawili, na nikampigia tena: "Mama, mtalala wote ndani ya hiki, na tukiondoka kinabaki kitandani kwako." Akauliza rangi. Nikamwambia ni cheupe. Akasema kitachafuka, lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyekubali.

Juzi nilipeleka barua kreshi, kituo anacholelewa mchana, kwa sababu safari hii haiishii uwanja wa ndege wa Zaventem. Malaria inaweza kujitokeza wiki au miezi baada ya kurudi, na daktari wa zamu mjini Brussels akiona mtoto mwenye homa mwezi Septemba atafikiria kila kitu isipokuwa hiyo, asipoambiwa. Nimeandika kwamba mtoto akipata homa ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, wasimpe dawa ya kuishusha wakasubiri. Wanipigie siku hiyohiyo, nami nitamwambia daktari alikokuwa ili apimwe damu. Mlezi wake aliisoma mara mbili, akaiweka kwenye faili, akaniuliza kama hotelini huko Giheta kuna bwawa la kuogelea la watoto. Nikamwambia hakuna, kuna kuku.