VTEC ya shemeji: amri imetumwa, je, imefika?

Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze kuhusu injini ya gari. Msikimbie :-) Mtaona wenyewe kwamba ni yale yale tuliyozoea: kuna programu, kuna mashine, na katikati yao kuna ujumbe ambao kila mtu anadhani umefika.

Tuanze na msingi, kwa wale ambao hawajawahi kufunua boneti. Injini huvuta hewa kupitia valvu, na valvu husukumwa na nundu iliyo kwenye kamshafti. Nundu fupi hufungua valvu kidogo na kwa muda mfupi. Hiyo inafaa injini ikizunguka polepole, kwa mfano ukiwa kwenye foleni ya Thika Road. Nundu ndefu hufungua valvu zaidi na kwa muda mrefu. Hiyo inafaa mizunguko ya juu, lakini ukiitumia kwenye foleni injini itatetemeka na kukosa nguvu. Kwa miaka mingi waunda magari walilazimika kuchagua moja.

Honda waliamua kuweka zote mbili. Mwaka 1989 walitoa Integra yenye injini ya B16A, lita 1.6 tu, bila turbo, iliyotoa nguvu za farasi 160 ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Mbinu yenyewe ndiyo VTEC. Kwa kila jozi ya valvu kuna nundu 3 na roka 3. Za pembeni ni za mwendo wa kawaida. Ya katikati ni ndefu, na roka yake inapanda na kushuka bila kazi yoyote. Kompyuta ikiona wakati umefika, inawasha solenoidi, oili yenye presha inapita, oili inasukuma pini ndogo zilizo ndani ya roka, na roka zote 3 zinashikana kuwa kitu kimoja. Kuanzia hapo valvu zinafuata nundu ndefu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pana shida. Injini ikihamia nundu ndefu inameza hewa tofauti. Kwa hiyo kompyuta nayo inaacha jedwali la kwanza la petroli na la cheche, inahamia jedwali la pili. Kuna mabadiliko mawili basi: moja la chuma na moja la programu. Yasipotokea pamoja, injini iko mahali pamoja na programu iko mahali pengine.

Hilo ndilo lililokuwa likimtesa shemeji yangu bila yeye kujua. Ana Civic ya zamani yenye B16A na kompyuta ya kupangwa kwa laptopu, si ile ya kiwandani. Ukikanyaga mafuta hadi chini, ikifika mizunguko 5,500 gari linazubaa kama mtu aliyeshikwa shati, halafu linaruka ghafla. Siku nyingine linapita bila shida yoyote. Alilipeleka kwa jamaa wa kupanga injini. Jamaa akapima moshi, akaona petroli ni nyingi mno pale pale gari linapozubaa, akaipunguza kwenye jedwali la pili. Siku mbili gari likaenda vizuri. Siku ya tatu injini ikaanza kugonga. Hukumu ikatoka: injini imechoka, tafuta nyingine Kirinyaga Road.

Shemeji alikuwa na pesa hizo, lakini zilikuwa karo ya watoto ya muhula uliofuata. Akanipigia simu. "Shemeji, wewe ni mtu wa kompyuta. Njoo uangalie hii kitu kabla sijauza ng'ombe wa mzee."

Nilienda na laptopu na mita ya umeme. Nilichokuwa nikiogopa si kuzubaa, ni kule kugonga. Injini inayovutishwa kwa nguvu zote huku petroli ikiwa kidogo hupata joto kali, na mgongano ukiendelea pistoni inaweza kutoboka. Hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Kwanza niliangalia masharti. Kompyuta haiwashi VTEC kwa sababu ya mizunguko peke yake. Hutazama pia joto la maji, mwendo wa gari na mzigo wa injini. Huo mzigo husomwa kwa sensa ya presha ya hewa, na hapa Nairobi kuna mtego. Kando ya bahari presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho sensa itasoma 83 hivi. Ukinakili mpangilio wa mtu wa Japani au wa Mombasa aliyeweka kizingiti cha 90, VTEC yako haitawaka mpaka ushuke pwani. Cha shemeji kilikuwa 70. Kwa hiyo si hapo.

Pili niliangalia rekodi. Niliomba kompyuta iandike vitu 5 kwa wakati mmoja: mizunguko, presha ya hewa, uwiano wa hewa na petroli, amri ya solenoidi, na swichi ya presha ya oili ya VTEC. Swichi hii ndiyo shahidi. Oili ikifika upande wa pili wa solenoidi, swichi inabadilika na kompyuta inajua. Kwenye rekodi ya shemeji mstari wa swichi ulikuwa umelala tu kama maiti. Nikafuata waya. Mtu aliukata na kuuunga kwenye bodi ya gari, kisha akaingia kwenye programu na kuzima ukaguzi wenyewe.

Najua kwa nini watu hufanya hivyo. Honda za mwanzo wa miaka ya 1990 zikikosa uthibitisho wa presha zinawasha taa na kutoa msimbo 22, na solenoidi ikiwa na hitilafu ya umeme ni 21. Za baadaye zinatoa P1259. Taa inaudhi, kwa hiyo mtu anaizima. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili jambo: ni kuandika try na kuacha catch tupu. Kosa halijaondoka, limenyamazishwa tu.

Nikaurudisha waya, tukakodi daino kwa saa mbili. Majaribio ya namna hii usiyafanye barabarani, tafadhali. Tulivuta gari mara 6. Mara 2 za kwanza, oili ikiwa haijashika moto sana, amri ilitoka na swichi ikajibu papo hapo. Mara 4 zilizofuata, oili ikiwa moto, swichi ilijibu kwa kuchelewa mara moja, na mara 3 haikujibu kabisa. Nikaweka uwiano wa hewa na petroli kando ya swichi. Pale swichi ilipojibu, uwiano ulikuwa 14.6, petroli kidogo mno kwa injini inayovuta kwa nguvu zote. Pale isipojibu ulikuwa 11, petroli nyingi mno. Kisanduku ni kile kile, kwenye jedwali lile lile!

Kwa hiyo jamaa wa kwanza hakuwa mjinga. Alichoona kilikuwa kweli: petroli nyingi. Lakini ilikuwa nyingi kwa sababu programu ilikuwa imehamia jedwali la pili huku injini ikibaki kwenye nundu fupi. Alipoipunguza, alirekebisha jedwali lifanane na injini iliyokataa kutii. Siku injini ilipotii, ikakosa petroli na kugonga.

Wenzangu mliowahi kuunganisha tovuti na M-Pesa mmeshaelewa. Ukituma ombi la malipo, jibu la kwanza linakuambia tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka PIN. Huenda hana salio, huenda ameghairi. Matokeo yanakuja baadaye kwa ujumbe mwingine. Ukitoa mzigo kwa jibu la kwanza, duka litafungwa mapema. Kompyuta ya shemeji ilikuwa ikitoa mzigo kwa jibu la kwanza.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya fundi. Tulipima solenoidi kwa mita: kiwango cha Honda ni omu 14 hadi 30, na yake ilikuwa ndani. Tukaipa volti 12, ikalia tik. Umeme mzima. Tukachomoa kijiti cha oili, kikaonyesha oili imeshuka chini ya alama ya mwisho. Fundi akafungua solenoidi. Nyuma yake kuna gasketi yenye chujio dogo la waya, na chujio lile lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni ambavyo mtu alipaka zamani wakati wa kufunga injini.

"Kijana, hii ndiyo injini imechoka?" fundi akaniuliza huku akicheka. Oili ya moto ni nyepesi, inavuja haraka kwenye kila upenyo, na ile kidogo iliyopita kwenye chujio haikutosha kusukuma pini. Tukaweka gasketi mpya, oili mpya ya uzito sahihi, tukavuta tena mara 6. Swichi ilijibu mara zote 6.

Hapo ndipo tukaanza kupanga, na mpangilio wenyewe ni huu:

1. Rudisha petroli ya kutosha kwenye jedwali la pili kabla ya kuvuta hata mara moja.
2. Funga VTEC, vuta hadi 7,000 kwa nundu fupi peke yake, na urekebishe jedwali la kwanza.
3. Washa VTEC kuanzia 4,000, vuta kwa nundu ndefu peke yake, na urekebishe jedwali la pili.
4. Weka michoro miwili ya msukumo juu ya mwingine. Inapokatana ndipo pa kubadilishia. Yake ilikatana 5,300, si 5,500.
5. Acha pengo. Tuliwasha 5,300 na kuzima 5,100, isije ikawaka na kuzimika kila sekunde ukiwa katikati.
6. Washa ukaguzi wa presha. Uthibitisho ukikosekana, programu ibaki jedwali la kwanza na kushusha kikomo cha mizunguko.

Nyongeza moja kwa wenye Toyota. Injini ya 2ZZ-GE iliyotoka mwaka 1999 kwenye Celica ina mbinu ya jinsi hii iitwayo VVTL-i, na zile za mwanzo zinajulikana kwa bolti za shafti ya roka kulika au kukatika. Amri inatoka, lakini nundu ndefu haishiki. Kwa hiyo hata presha ya oili ni shahidi wa kando. Shahidi mkuu ni injini yenyewe: sauti, msukumo kwenye daino, na uwiano wa petroli. Mashahidi wakipingana, usiguse jedwali.

Karo ililipwa kwa wakati na ng'ombe wa mzee yupo. Gasketi, oili na saa za daino, zote pamoja hazikufika hata robo ya bei ya injini aliyoambiwa anunue.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.